Mgongo wa Bibi

Chuoni, bweni la pili
9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nimekaa kitandani, daftari juu ya mapaja, kwa sababu chumba kina meza moja na sisi tuko wanne. Mimi mzima. Kile kikohozi cha Desemba kimeniacha. Baba alipita wiki jana, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema nimekonda, akaniachia sabuni mbili akaondoka. Ndiye kaka yako, unamjua. Maneno kwake ni kama meno, hayatoki bila kung'olewa.

Bibi anaendeleaje? Mkono wa kushoto umeanza kushika kitu, au kiharusi bado kimeushikilia? Mwambie mke mwenzake anamsalimu, na asizidi kulala, nitamwibia mume, ingawa mume mwenyewe alishatutangulia sote wawili.

Simu zetu zinakusanywa Jumatatu asubuhi na kurudishwa Jumapili mchana. Ndiyo maana naandika. Dereva wa gari la dawa amekubali kuibeba barua, anasema hospitali yenu huifikia kila baada ya wiki mbili, barabara ikikubali. Na nikiri kabisa, kwenye simu mimi husema "ee" na "sawa" mpaka salio linakwisha. Hukuniita Sisimizi bure.

Muhula huu tuna somo jipya. Kwenye ratiba lina jina la Kiingereza refu kama treni, ila mwalimu wake analiita "kutafuta na kuthibitisha". Nusu ya vipindi tunafundishwa maktaba na mkutubi, baba mmoja mrefu ambaye mkono wa miwani yake umefungwa kwa plasta ya hospitali. Kompyuta ni sita, zinazowaka ni mbili. Anatufundisha kwamba kabla hujatafuta jibu, tengeneza swali: mgonjwa gani, unamfanyia nini, badala ya nini, ili apate nini. Ukishapata jibu, nalo ulihoji: nani kasema, lini, na alijuaje? Bweni zima tumeligeuza utani. Mtu akisema chai iko tayari, anaulizwa alijuaje.

Kazi tuliyopewa ni hii: kila mmoja achague jambo moja alilofundishwa kwa mikono, akatafute kama lina ushahidi. Mimi nimechagua kusugua mgongo wa mgonjwa asipate vidonda vya kulalia. Ulinifundisha wewe, sijajua hata kuandika herufi vizuri, nimesimama juu ya kigoda: spiriti kidogo kiganjani, unasugua kwa kuzungusha, mabega, kiuno, visigino, mpaka ngozi ipate moto, halafu poda. Nimelichagua kwa kuwa ni jepesi na jibu ninalo. Nataka nikusifu kwa Kiingereza, na marejeo chini ya ukurasa.

Mwanao,
Sisimizi

*

Nyumbani
27 Februari

Mwanangu Sisimizi,

Marahaba. Barua yako imenikuta natoka zamu, miguu imevimba hata viatu vinagoma kuvulika. Nikaisoma hivyohivyo, nimevaa viatu. Halafu nikamsomea mama. Alicheka na ule upande wake unaocheka. Maneno siku hizi yanamtoka vipandevipande, lakini hili alilisema lote: "Mwambie huyo mke mwenzangu, mume nilimzika mimi, yeye hata jembe hakushika." Kwa hiyo ujue akili yake bado ni panga.

Huku tupo. Paa la jikoni limeanza kuvuja, nimeweka ndoo. Wodini tuna vitanda thelathini na wauguzi wawili kwa zamu, na mmoja wa hao wawili anaolewa mwezi ujao, kwa hiyo hesabu mmoja na nusu. Nikiwa kazini, mama jirani anapita kumpa mama uji na kumtazama. Ni mtu mwema, ila mgongo wake mbovu, hawezi kumnyanyua mtu.

Mama ana doa pale chini ya kiuno, juu kidogo ya matako. Limekuwa jeusi kuliko ngozi nyingine, na ukigusa lina joto. Usitishike. Nimeshaanza kulishughulikia. Namsugua asubuhi kabla sijatoka na jioni nikirudi, dakika kumi kila mara, kwa nguvu, damu irudi mahali pake. Miaka ishirini na sita wodini, nimeona migongo mingi kuliko nyuso. Mgonjwa wangu kutoka na kidonda ni aibu yangu, na wanaonijua wanajua.

Kwa hiyo huyo mkutubi wako mwambie hivi: nani kasema? Shangazi. Lini? Zamani. Alijuaje? Kwa mikono hii. Andika hivyo uone kama hukupata zote.

Soma, ule, na soksi ufue.

Shangazi yako

*

Chuoni
10 Machi

(Hii sikuituma. Imo ndani ya daftari langu la anatomia.)

Shangazi, usimsugue Bibi tena. Tafadhali usimsugue hata kidogo pale penye doa. Nimetafuta siku nne. Mwanzoni nilidhani nimekosea maneno ya kutafutia, mkutubi akaniambia nibadilishe, nikabadilisha, majibu ni yaleyale. Doa lile maana yake nyama ya chini imeshaanza kufa kwa kukosa damu, na ukisugua hairudishi damu, unapasua mishipa midogo iliyobaki. Spiriti nayo inakausha ngozi. Waliacha kufundisha zamani, Shangazi, mimi sijazaliwa. Vitabu vinasema "wekundu", lakini ngozi ya Bibi haijui wekundu, kwetu linakuwa jeusi na joto kama ulivyoandika wewe mwenyewe, yaani umeniandikia dalili yote bila

*

Chuoni
12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Bibi bado ana ulimi wake. Nilicheka peke yangu bwenini, wenzangu wakauliza nani kasema. Mimi sijambo. Tumeanza mazoezi ya vitendo kwenye chumba cha midoli. Mdoli wetu wa kike hana mkono mmoja, na tukimpima presha tunajifanya tumesikia kitu.

Pole na paa. Baba nitamwambia, ingawa unajua atasema "sawa" na paa litaendelea kuvuja.

Kazi ya maktaba inaendelea. Nimepata makala kadhaa, za Kiingereza, ndefu, zisikuchoshe. Zinahusu utunzaji wa ngozi kwa jumla. Wanasisitiza sana kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, na doa lisilaliwe kabisa. Wanasema na mambo mengine. Je, Bibi anageuzwa mara ngapi kwa siku? Na ukiwa zamu, nani anamgeuza? Nauliza tu kwa ajili ya kazi yangu.

Labda ungempumzisha kidogo na kusugua, ukaona ngozi inavyofanya? Labda. Wewe ndiye unayemwona.

Nisalimie mama jirani.

Mwanao,
Sisimizi

*

Nyumbani
2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Gari la dawa lilikwama siku sita, barua yako imefika na harufu ya dizeli. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Yule muuguzi ameolewa, na kama nilivyosema, sasa tuko mmoja na nusu, na nusu mwenyewe ni mimi.

Unaniuliza mama anageuzwa mara ngapi kama msimamizi aliyekuja kukagua wodi. Nilimsomea mama, akasema mke mwenzake amepata cheo. Anageuzwa, mwanangu. Namgeuza nikiwepo. Nisipokuwepo, nimemwegemeza vizuri. Zamu ni saa nane na njia ni saa moja kwenda, saa moja kurudi. Hiyo saa mbili yenu ya makala nani aliipima, mtu mwenye wauguzi wangapi? Ndiyo maana nasugua. Kusugua ndiyo dawa ya mtu asiye na mtu wa kugeuza. Mwalimu wetu alikuwa akisema, mkono wa muuguzi una joto ambalo godoro halina.

Doa limechubuka kidogo juu, kama ganda la kitunguu. Ni kawaida likikaribia kupona. Nimeongeza, sasa namsugua mara tatu, pembeni pembeni na katikati taratibu. Anauma meno lakini hasemi. Ni mama yangu huyo, ujana wake alijifungua asubuhi na jioni akapika.

Nimpumzishe na kusugua, unaniambia. Nimesoma hapo mara mbili. Ulitaka kusema nini? Ukiwa na jambo sema, mimi si mgeni wako.

Shangazi yako

*

Chuoni
20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Mimi mzima wa mwili. Baba kasema "sawa" kuhusu paa.

Umeniambia niseme. Nasema.

Kwanza uniruhusu nikueleze wiki yangu, maana bila hiyo nitashindwa. Jumatatu tulikuwa na mtihani wa vitendo kwa mwalimu wa vitendo, yule tunayemwita Mama Zamu kwa kuwa hata akiwa darasani anavaa saa ya kifuani. Ana fomu yenye vipengele. Kipengele cha tisa: "Amesugua sehemu za mgandamizo kwa spiriti na poda, kwa kuzungusha: alama nne." Nikamsugua yule mdoli asiye na mkono, mabega, kiuno, visigino. Mama Zamu akasimama nyuma yangu, akasema, "Hebu mtazameni huyu. Nani kakufundisha?" Nikasema shangazi yangu. Akasema, "Ana mkono." Nikapata nne kwa nne.

Alhamisi mwalimu wa kutafuta na kuthibitisha akarudisha kazi zetu. Yangu ilikuwa ya kwanza darasani. Kichwa chake, kwa Kiswahili, ni kwamba kusugua sehemu za mgandamizo kunadhuru, na kuachwe. Nimepata tisini na mbili. Wiki moja, chuo kimoja, nimesifiwa kwa kufanya kitu na kwa kuandika kwamba kisifanywe. Mwalimu aliniomba nisome mbele ya darasa. Nilisoma kwa sauti ambayo hata waliokaa mbele hawakuisikia. Mama Zamu alikuwa ofisini kwake, mlango wa pili. Hakuna aliyemwita, na mimi sikumwita.

Sasa hili. Usimsugue Bibi. Doa likishakuwa jeusi na joto, na ukibonyeza kwa kidole rangi haibadiliki, nyama ya chini imeshaumia, na kusugua kunaipasua zaidi. Alale ubavu, doa lisiguse kitu, mito miwili nyuma ya mgongo. Asafishwe kwa maji yenye chumvi, si spiriti. Ale mayai na maharage. Mama jirani hahitaji kumnyanyua, unatandika shuka iliyokunjwa chini yake, anavuta ncha moja tu, Bibi anageuka. Nimechora nyuma ya karatasi. Na kama pameshatoboka, aende hospitali leo, asikae kwa kuwa wewe ni muuguzi.

Nilijua hili tangu tarehe kumi Machi. Nilikuandikia siku hiyo nikaiacha katikati. Kisha nikakuandikia ile ya kuuliza anageuzwa mara ngapi. Jumapili mbili nilikuwa na simu mkononi. Mara ya kwanza ulipokea, nikakuuliza kama mvua zimeanza. Ukasema zimeanza. Nikasema sawa. Mara ya pili nilikata kabla haijaita.

Sijui kama utanielewa. Makala ilisema kwa Kiingereza, mstari mmoja: jambo hili lisifanywe. Haikumwamkia mtu. Nikaielewa na nikakubali, mara moja, kama unavyokubali bei iliyoandikwa. Nilipotaka kuuhamisha mstari huo kwako, nikaanza na shikamoo. Na nikishakuandikia shikamoo, mimi ni yule wa kwenye kigoda, na wewe ndiye unayenishika mkono kunionyesha mzunguko. Nitakwambiaje kwamba mkono huo unamuumiza mama yako? Nimejaribu mara tano. Hii ni ya sita.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nisamehe na kwa kusema.

Mwanao

4 Mei. Shangazi, barua hii imelala chini ya godoro langu wiki mbili. Gari la dawa lilipita mara moja katikati, nikalitazama kutoka dirishani. Leo nimempa dereva kabla sijaisoma tena. Anasema anaondoka keshokutwa.

*

Nyumbani
6 Juni

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama chuoni baada ya msiba na kwamba hukukosa mitihani mingi. Sisi huku tupo. Wageni wa mwisho waliondoka Jumanne. Baba yako alikaa siku tatu zaidi, akaziba paa la jikoni bila kuambiwa, akaondoka bila kuaga. Mama jirani anakuja bado, saa zilezile za uji. Anakaa kidogo, kisha anarudi kwake.

Barua yako ya Aprili nimeipata tarehe ishirini na tisa Mei. Gari lilipelekwa matengenezo na mzigo wote ukalala bohari. Dereva aliniletea mwenyewe mkononi, akanipa pole, akasema samahani kwa kuchelewa. Nikamwambia si neno.

Kwa hiyo ulipokuja msibani, mimi nilikuwa sijaisoma. Nimekumbuka sasa. Ulinikwepa macho siku mbili. Tukasuuza masufuria pamoja uani, ukaniuliza sabuni ya unga iko wapi, nikakuonyesha. Nilidhani ni huzuni. Kumbe ulikuwa unangoja nikwambie kitu, au nikupige.

Nilikuandikia ganda la kitunguu. Siku niliyokuandikia hivyo, kidole changu kidogo kilikuwa kinaingia mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Wewe ulificha, na mimi nilificha. Nilikuwa naona aibu. Muuguzi wa miaka ishirini na sita, mama yake nyumbani ana kidonda kinachonuka. Ningempeleka hospitali, wangemvua mbele ya wenzangu. Kwa hiyo nilifunga mlango, nikasugua. Homa ilipopanda tarehe kumi na tano Mei ndipo nikampeleka, na wenzangu wakamvua mbele yangu. Mmoja akanivutia kiti. Afadhali wangenisema. Aliishi siku nne. Nilimwosha mimi, nilikiona chote. Ngumi yangu ingeingia.

Mama hakulia hata mara moja nilipokuwa namsugua. Siku moja tu, mwishoni mwa Aprili, aliniambia, "Leo niache." Nikamwambia, mama, wewe mgonjwa, mimi muuguzi.

Kuna jambo jingine, na hili hakuna anayelijua. Nilipomaliza kusoma barua yako nilienda ofisi ya muuguzi mkuu, nikafungua kabati la nyaraka za zamani. Ulikuja waraka, miaka kumi na moja iliyopita. Kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Uliwekwa ubaoni na chini yake karatasi ya majina: "Nimesoma na nimeelewa." Kiingereza changu mimi ni cha majina ya dawa na cha "weka hapa, ondoa pale". Nilisoma kichwa, nikaona neno "ngozi", nikasema ngozi naijua. Nikasaini. Wote tulisaini, watu kumi na tisa, asubuhi moja, kwenye foleni, tukicheka kuhusu kitu kingine. Jina langu ni la tatu. Waraka unasema ulichosema wewe, karibu neno kwa neno. Ilinichukua jioni nzima na kamusi ya mtoto wa mama jirani.

Jumatatu nilitoa chupa ya spiriti kwenye toroli. Jumatano nikaikuta imerudi. Nikawakusanya, nikawaambia. Mmoja akauliza, "Nani kasema?" Nikasema mtoto wa kaka yangu, yuko mwaka wa kwanza. Wakacheka, si kwa ubaya. Mwingine akasema, "Sista, wewe una msiba, pumzika." Nikawaonyesha waraka na sahihi zao. Kila mmoja akatafuta jina lake. Kisha kengele ya kitanda cha kumi na mbili ikalia, tukatawanyika. Chupa bado ipo. Wauguzi ni mmoja na nusu, vitanda thelathini. Hakuna wa kugeuza, kwa hiyo wanasugua. Naona wakisugua. Natoka nje.

Unaomba nikusamehe. Mwanangu, ningekuwa na nguvu hizo ningeanza na mimi mwenyewe. Ungeniambia Machi ningekusikia? Nimejiuliza kila siku. Nataka kusema ndiyo. Ila nafsi yangu inajua ningekuandikia mzaha fulani, ningemsomea mama, tungecheka, ningesugua. Au labda ningesikia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, hiyo "labda".

Usiache shule. Sikwambii kwa sababu itasaidia. Nakwambia tu kwa kuwa ndivyo watu wanavyoambiana.

Shangazi yako

*

Chuoni
1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Ahsante kwa kuniandikia. Sikutegemea. Nimefika salama, nimekosa mitihani miwili, nitairudia Septemba. Kikohozi hakijarudi. Baba kanitumia sabuni tatu safari hii, na karatasi yenye neno moja: "Vumilia."

Nilitaka barua hii iwe na kitu kizuri ndani, nimekaa nayo siku tatu nikitafuta. Nikueleze basi ninachokijua.

Kazi yangu mkutubi ameijalidi, akaiweka kwenye rafu ya kazi bora za wanafunzi. Kuna daftari la waazimaji mbele yake. Jana nilifungua, halina jina. Mwalimu wa kutafuta na kuthibitisha mkataba wake umekwisha mwezi uliopita. Wanasema somo litaunganishwa na mengine, maana yake unaijua. Kabla hajaondoka alienda kwa Mama Zamu kuzungumzia kipengele cha tisa. Nilikuwa nje ya mlango na daftari za darasa. Mama Zamu hakugomba. Alisema, "Mwenzangu, nakuelewa. Lakini fomu zimeshachapwa za miaka mitatu, na mtihani wa mwisho wa nje nao unaitaka. Nikiwaambia wasisugue, watafeli wao, si wewe." Mwalimu akasema, "Na wagonjwa?" Mama Zamu akasema, "Wagonjwa hawako kwenye fomu." Alilisema taratibu, kama mtu aliyechoka. Kisha akamkaribisha chai.

Mimi ningeingia pale. Nilikuwa na haki ya kuingia kuliko mtu yeyote chuo kizima. Nilikuwa na Bibi. Nilihesabu mpaka kumi, nikahesabu tena, nikaweka daftari chini mbele ya mlango, nikaondoka.

Sasa sikia hili la mwisho. Nimeshindwa kumwambia mtu mwingine, na najua nikikwambia wewe litakuumiza, lakini tuliumizana kwa kufichana na sitaki tena.

Wiki iliyopita tulianza wodini. Nimepangwa wodi ya wanaume, na muuguzi wa zamu ni dada mmoja mchangamfu, anatuita "watoto wangu" ingawa ametuzidi miaka sita tu. Kitanda cha nne kuna mzee, fundi cherehani, kavunjika nyonga. Halali vizuri, hana ndugu karibu. Nilipombadilishia shuka niliona kisigino chake cha kulia. Nikakibonyeza kwa kidole. Hakikubadilika rangi. Kilikuwa na joto.

Nilisimama pale. Maneno yote nilikuwa nayo, Shangazi, kwa lugha zote mbili. Nilikuwa nayo kwa Kiingereza na nambari za kurasa. Dada muuguzi akapita na toroli, akatazama, akasema, "Ah, kisigino hicho. Kisugue vizuri mwanangu, nasikia wewe ndiye bingwa." Akaniwekea chupa kitandani, akaendelea na kitanda cha tano. Nikasema, "Dada." Akageuka na ule uso wake mzuri, akasema, "Ee?" Nikasema, "Poda iko wapi?"

Nikamimina spiriti kiganjani. Nilijiambia nitagusa tu juujuu, nitajifanya. Lakini mzee alikuwa ananitazama, na dada alikuwa vitanda viwili mbele, na mkono wangu unaijua kazi hii kuliko ninavyojijua mimi. Nikasugua, Shangazi. Kwa kuzungusha, mpaka ngozi ikapata moto.

Mzee alifumba macho. Alisema tangu alazwe hajapata mtu wa kumgusa kwa upole namna ile, akaniombea dua ndefu, akanitaja mimi na wazazi wangu na aliyenifundisha. Halafu akaniuliza kama kesho nitakuja tena.

Nikamwambia nitakuja.

Mwanao